Supamaketi Ije kwa Mtaji Wake

Asalaam aleikum. Wazee wangu shikamooni. Akina mama na vijana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo huenda likatufika hapa Tanga mapema kuliko tunavyodhani. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia kwetu Chongoleani. Mji ukipata watu wenye mishahara, wenye supamaketi huusikia. Nao wakija huja na maombi: kiwanja cha bei ya chini, lami mpaka mlangoni, msamaha wa kodi kwa miaka kadhaa. Wakiulizwa sisi tutapata nini, hujibu kwa neno moja: ajira. Neno hilo ndilo ninalotaka tulipime leo, maana ndilo linalofungua mfuko wa umma.

Marekani wamelifanya jambo hili kwa miaka mingi, na wasomi wao wamelipigia hesabu. Walmart ilianza mwaka 1962 kwa duka moja huko Rogers, jimbo la Arkansas. Ilipokwisha kuwa kampuni kubwa kuliko zote za rejareja duniani, shirika la Good Jobs First lilifuatilia ruzuku ilizopewa na majimbo na miji. Taarifa yao ya mwaka 2004 ilikuta ruzuku zaidi ya 240, zenye jumla ya zaidi ya dola bilioni 1. Walipewa ardhi, barabara na misamaha ya kodi. Kuna mahali hata kodi ya mauzo iliyolipwa na wanunuzi ilirudishwa kugharimia duka lenyewe. Hilo linaniumiza kuliko yote. Mama amelipa kodi kwenye risiti akiamini inakwenda shuleni kwa mwanawe, kumbe inamjengea tajiri ukuta.

Na ajira je? Mwaka 2005 mchumi Emek Basker alionyesha kwamba Walmart ikifungua duka, ajira za rejareja katika eneo huongezeka kama 100, na baada ya miaka mitano zinabaki kama 50. Mwaka 2008 David Neumark na wenzake wawili wakapata kinyume: kila mtu mmoja aliyeajiriwa na Walmart alichukua nafasi ya watu kama 1.4. Yaani wakiingia 10, wanatoka 14. Wachumi hao hawakubaliani, na sitaki kuwaficha hilo. Lakini chukueni hata ile hesabu nzuri zaidi. Ni ajira 50, si mamia yanayotajwa siku ya kukata utepe.

Sababu yake si ngumu. Tanga Fresh wakisindika maziwa ya wafugaji wetu na kuyauza Dar es Salaam, fedha inatoka nje ya mkoa na kuingia Tanga. Hapo serikali ikisaidia, kuna kitu kipya kimezaliwa. Duka la rejareja si hivyo. Linagombea shilingi ambazo tayari zimo mifukoni mwetu. Mtu wa Makorora anayenunua sukari kilo moja kwa wiki hatanunua mbili kwa sababu kuna jengo lenye kiyoyozi. Kilo ileile inahama kutoka duka la Barabara ya 12. Halmashauri ikihesabu ushuru wa duka jipya, ihesabu pia leseni na ushuru wa yale yatakayofungwa.

Sisemi supamaketi haina faida. Inashusha bei, na kwa mwenye mshahara huo ni unafuu wa kweli. Lakini wengi wetu tunanunua robo kilo, mafuta ya kupima, na mwisho wa mwezi tunaandikwa kwenye daftari. Supamaketi haina daftari. Duka la mtaani likifa, mkopo ule usio na riba unakufa nalo, na hakuna mtakwimu anayeuhesabu.

Tena kuna suala la fedha inakwenda wapi ikishalipwa. Mwaka 2004 mtaa wa Andersonville, Chicago, ulifanyiwa hesabu: katika kila dola 100 zilizotumika kwenye biashara za wenyeji, 68 zilibaki mjini, kwenye maduka ya makampuni makubwa zilibaki 43. Kazi hiyo iliagizwa na watu wa mtaa huohuo, kwa hiyo ipokeeni kwa tahadhari. Mwelekeo wake hata hivyo unaonekana kwenye soko letu la Mgandini. Muuzaji ananunua mboga za Lushoto na machungwa ya Muheza, analipa mkokoteni, anakula kwa mama ntilie.

Na haya makampuni hukaa? Tuangalie yaliyowahi kuja hapa nchini. Shoprite iliondoka Tanzania mwaka 2014 ikawaachia Nakumatt, nayo Nakumatt ikaanguka. Uchumi, kampuni ya supamaketi ya Kenya, ilifunga maduka yake ya hapa mwaka 2015. Game ikafuata mwaka 2022. Uchumi ndiyo yenye somo zito, kwa sababu ilipoanguka mwaka 2006 serikali ya Kenya iliingiza fedha za umma kuinusuru, ikasimama kwa muda, kisha ikaanguka tena. Wazee wanaokumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa ili ya ushirika yachukue nafasi, wanajua kilichotokea: bidhaa ziliadimika, agizo likalegezwa. Serikali ikichagua muuza duka mmoja na kumbeba, anayeumia ni mnunuzi.

Machinga mwaka 2018 alilipa shilingi 20,000 apate kitambulisho cha kufanyia biashara. Hakupewa kiwanja. Kwa nini mwenye mabilioni apewe?

Ikiwa fedha ya umma ipo, ipelekwe kwenye mitaro ya soko, vyoo, taa, na chumba cha baridi ambamo samaki wa soko la Deep Sea na mboga za Lushoto havitaoza. Hivyo vinatumiwa na wauzaji wote, na mmoja akifunga biashara, havifungwi naye.

Kwa mwenye supamaketi, madiwani wetu wamwambie karibu, kiwanja ni kwa bei ya soko. Akitaka zaidi ya hapo, mkataba wake ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata kabla ya kikao cha baraza, uonyeshe idadi ya ajira alizoahidi, na useme atarudisha shilingi ngapi akiondoka kabla ya muda.

Sasa naomba maswali. Tuanze na akina mama wa sokoni.