Mwenye Ufunguo wa Stoo ya Ngoma

Asanteni. Nimeombwa nizungumzie maisha ya mwanafunzi katika chuo cha sanaa. Ya ada na mikopo mmekwishayasikia asubuhi, siyarudii. Mimi nazungumzia watu ambao hawakualikwa humu ndani: mtunza stoo, mpishi, matroni, fundi wa taa, mlinzi wa zamu ya usiku. Mnaonifahamu mnajua si mara ya kwanza kulisema hili. Nitalisema mpaka nione barua za ajira.

Nianze na stoo.

Mwanafunzi anayetoka bara kavu, Dodoma au Singida, akifika Pwani hushangaa kwamba ngoma hailii. Kwao ngozi hukaa imekaza. Huku unyevu wa bahari unaingia usiku kucha, na asubuhi ukiipiga ngoma inatoa sauti ya gunia la unga. Wa kwanza kulijua hilo si mhadhiri. Ni mwenye ufunguo.

Chuo nilichofundisha, sikitaji jina, kilikuwa na mzee tuliyemwita Babu Stoo. Kwenye orodha ya watumishi aliandikwa msaidizi wa ofisi. Alfajiri, akishaswali, hufungua mlango, akazitoa ngoma moja moja na kuzipanga zipate jua la kwanza. Siku za mawingu huwasha moto wa makuti, akazikanza ngozi, si karibu sana, huku akizigonga kwa kidole na kusikiliza. Saa mbili walimu tunaingia darasani, tunakuta ngoma zinalia, tunadhani ndivyo zilivyo.

Mwaka mmoja tulimpokea binti wa Kigogo. Alikulia katika muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake wakiwa wameibana mapajani. Baba yake hakutaka hata kusikia habari ya mtoto kwenda kusomea ngoma. Nauli alipewa na mama yake mdogo. Wiki ya tatu akaacha kuja darasani. Mimi, mwalimu wake, nikaandika "hayupo" kwenye daftari na kugeuza ukurasa. Nalisema hili kwa uchungu. Aliyeuliza alikuwa Babu Stoo, kwa sababu aliiona ngoma aliyozoea kuichukua yule binti imekaa pale pale siku nne, haijaguswa. Akaenda kwa matroni. Matroni akamkuta binti kitandani, mzima wa mwili lakini pesa ya chakula imekwisha, naye anaona aibu kusema. Mpishi akawa anamtengea sahani, na binti jioni anamsaidia kuchambua maharage, ili asijione ombaomba. Babu naye akamwita stoo wawambe ngoma mpya. Walilowesha ngozi usiku kucha, kesho yake akamfundisha kuivuta juu ya mzinga, lile gogo la ngoma lenye uwazi ndani, na kupigilia vigingi kwa kupishana, kimoja huku, kinachofuata upande wa pili, ngozi isije ikakaa upogo. Baada ya siku chache alirudi darasani. Alihitimu.

Hesabuni: mtunza stoo, matroni, mpishi. Ukiacha matroni, nani kati yao ameandikiwa kwenye mkataba kwamba amwangalie mwanafunzi? Na mwalimu, ambaye nilikuwa na daftari mkononi, sikuona.

Babu akastaafu. Nafasi yake haikujazwa, eti kufungua mlango anaweza mtu yeyote. Likanunuliwa kufuli jipya na daftari la kusaini. Zilipita masika mbili. Tulipoingia kukagua tukakuta panya wametafuna ngozi, mizinga imepasuka, vigingi vimeokotwa vikawashiwa moto. Mtihani wa mwisho wa mwaka tukakodi ngoma za kikundi cha mtaani. Chuo cha sanaa kinakodi ngoma! Na gharama ya kukodi ikapitishwa haraka, ilhali ya kumwajiri mtu mmoja ilikosa fungu.

Najua mtaniambia: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na huyu ni mtu wa ngoma. Basi acheni ngoma. Nendeni kwenye mavazi, nendeni kwenye taa za jukwaani, mkaulize nani anajua waya upi unapata moto onyesho likifika nusu. Wengine watasema nataka mlinzi alipwe sawa na mhadhiri. Sijasema hivyo. Nasema aitwe kwenye kikao cha wafanyakazi, aulizwe anachokiona usiku, na kabla hajastaafu awe na mtu wa kujifunza kwake.

Na msiniambie kwamba ualimu ni cheti. Bagamoyo, chuo cha sanaa kilipoanzishwa mwaka 1981, kilirithi kazi ya kikundi cha taifa cha ngoma. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, hakuitwa na Mwalimu Nyerere kutoka Ugogoni kwa sababu ya cheti. Alikuja na marimba na zeze lake, na vyombo hivyo alivijua tangu kuvichonga hadi kuvipiga. Huyo mngemweka kundi gani leo, mwalimu au fundi wa stoo? Chuo hicho ndicho tangu 2007 tunakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha lake lilianza 1982. Nenda siku za tamasha ukakae nyuma ya jukwaa, siyo mbele. Utaona ni mikono mingapi inahitajika ili kijana mmoja acheze dakika kumi.

Muda unakwenda, kwa hiyo haya nayagusa tu. Jikoni: anayecheza ngoma za nguvu kama sindimba au bugobogobo saa tatu mfululizo hawezi kungoja ugali mpaka saa mbili usiku, na mpishi akijua ratiba ya mazoezi atapanga. Magoti na vifundo vya miguu: sakafu ya saruji inawaumiza vijana wetu, na zahanati wanapewa panadoli. Mabinti wanaotoka mazoezini usiku wanahitaji taa njiani na mlinzi anayewafahamu kwa majina. Nilitaka pia kusema juu ya wanafunzi wa uchoraji na harufu ya rangi kwenye vyumba visivyo na madirisha ya kutosha, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

La mwisho. Asubuhi nilikutana mlangoni na fundi wa taa wa ukumbi huu. Anastaafu mwezi Juni. Nikamwuliza nani anajifunza kwake, akaniambia hakuna. Nikamwomba aje akae humu wakati nazungumza. Akasema angependa, lakini jenereta halina mtu mwingine wa kuliangalia.