Watu Wamejaa, Pesa Hazipo: Kisa cha Euro Disney

Ahsanteni. Salamu tumeshapeana, tuingie kazini. Walionisikia kabla ya leo wanajua nitakachosema, wataniwia radhi: bustani kubwa za burudani hazifi kwa kukosa watu. Zinauawa na deni. Nimelisema hili mpaka koo limekauka, na bado kila mahali nakutana na mtu ananieleza, tena kwa uhakika, kwamba Euro Disney, bustani ya kampuni ya Disney ya Marekani kule Ufaransa, ilianguka kwa sababu Wafaransa hawakumpenda yule panya wao, Mickey Mouse.

Hebu tulizane. Euro Disney ilifunguliwa Aprili 12, 1992, Marne-la-Vallée, mashariki ya Paris. Mwaka wa kwanza waliingia watu wanaokaribia milioni 11. Hapo kususiwa kuko wapi? Kelele zilikuwepo, sikatai. Mwaka 1989, kabla bustani haijasimama, Michael Eisner, mkuu wa Disney, alirushiwa mayai mbele ya soko la hisa la Paris. Wasomi nao waliandika magazetini mpaka wino ukaisha. Lakini wewe unayefanya biashara, usimchanganye mrusha mayai na mnunua tiketi. Wanunua tiketi walikuja, na walikuja kwa namna ambayo wenyeji wao hawakuitegemea.

Hapa niachieni nikae kidogo. Disney waliambiwa kwamba watu wa Ulaya hawana mazoea ya kula asubuhi. Wakaamini, wakapunguza migahawa ya hotelini. Kulipokucha, watu wakashuka vyumbani na watoto wao, wote, kwa wakati mmoja. Mgahawa wa viti 350 ukawa unatakiwa kulisha watu 2,500. Na msidhani walitaka kikombe cha kahawa na mkate basi! Walitaka mayai na nyama ya kukaanga, mlo kamili. Sasa mfikirieni mhudumu wa watu, kashika trei, anatazama foleni haioni mwisho wake, na mtoto wa mtu analia njaa karibu na mguu wake. Mchana ndiyo kabisa. Kule Marekani mgeni anakula huku anatembea, saa yoyote tumbo likimwambia. Mfaransa ikifika saa sita na nusu anataka kiti, anataka meza, na anataka mvinyo. Mvinyo haukuwepo! Walikataza pombe ndani ya bustani, tena Ufaransa. Najua humu ndani wapo watakaosema vyema walivyofanya, na mimi siingii huko, nazungumzia biashara. Madereva wa mabasi walijengewa maliwato ya watu 50, siku za msongamano wakaja 2,000. Wakapanga Jumatatu iwe siku nyepesi na Ijumaa nzito, ikawa kinyume chake.

Mnacheka. Kila ninapokisimulia watu wanacheka, kisha wanaondoka wakidhani wameshaelewa kilichotokea. Hamjaelewa! Mvinyo uliruhusiwa mwaka 1993. Migahawa ilirekebishwa. Hayo ni mambo ya meneja mmoja mwenye akili na wiki kadhaa. Hakuna kampuni duniani inayopata hasara ya faranga bilioni 5.3, pesa ya Ufaransa ya wakati huo, kwa sababu ya mayai ya kukaanga, na hiyo ndiyo hasara iliyotangazwa kwa mwaka wa fedha ulioishia Septemba 1993. Sehemu kubwa ya hiyo ni gharama za kabla ya ufunguzi zilizofutwa vitabuni kwa mkupuo mmoja, lakini hata ukizitoa, shimo bado lipo.

Ili kuliona shimo hilo lilikochimbwa, nendeni kwanza Tokyo. Mwaka 1983 Disney waliingia Japani kwa woga. Bustani ikawa ya kampuni ya Kijapani ya Oriental Land, Disney wakachukua mrabaha tu, yaani malipo ya kutumiwa jina lao: asilimia 10 ya viingilio, asilimia 5 ya vyakula na bidhaa. Tokyo ikajaa pomoni, na Disney wakabaki wanajutia faida iliyobaki kwa wenye bustani. Hilo liliwauma. Na kule California na Florida, kwenye bustani zao za Marekani, liliwauma jingine, kuona wenye hoteli za jirani wanavyotajirika kwa wageni wa Disney.

Basi Paris wakasema safari hii hatuachi kitu. Asilimia 49 ya hisa, yetu. Mrabaha juu yake. Ada ya usimamizi juu yake tena. Na hoteli tutazijenga sisi, 6 kwa mpigo, vyumba 5,200, kwa pesa za kukopa. Mpango ulikuwa kwamba baadaye watauza majengo na viwanja kwa wawekezaji, kisha deni litapungua. Soko la nyumba na ardhi la Paris likaanguka, uchumi wa Ulaya ukayumba, riba iko juu. Mnunuzi hakuonekana. Mgeni naye anakuja asubuhi kwa treni kutoka Paris, jioni anarudi zake. Florida wakati huo walikuwa na bustani 3, mtu anakaa siku 4. Hapa ipo moja, alale afanye nini?

Deni likafika kama faranga bilioni 20. Ni daladala linalojaa abiria kila safari huku hesabu ya tajiri inazidi nauli zote za siku.

Sasa atasimama mmoja aniulize: mwalimu, biashara gani kubwa isiyokopa? Sijakataza mtu kukopa. Nauliza deni litalipwa na nini. Kama jibu ni "tutauza viwanja bei ikipanda," huyo tayari anacheza kamari, na watoto waliopanga foleni getini hawawezi kumsaidia.

Haya, walifufukaje? Mwaka 1993 usukani alipewa Philippe Bourguignon, Mfaransa. Disney wakatangaza kwamba msaada wao utakoma Machi 31, 1994, baada ya hapo kufungwa kunawezekana. Benki zaidi ya 60 zilizoikopesha zikaketi. Machi 14 wakakubaliana: riba isamehewe kwa muda, deni lenyewe lisogezwe, Disney nao waache kudai mrabaha na ada kwa miaka 5, na hisa mpya za faranga bilioni 6 ziuzwe. Mwanamfalme Al-Waleed bin Talal wa Saudia akaja akachukua karibu robo ya kampuni. Jina likawa Disneyland Paris. Mwaka 1995 wakashusha kiingilio kutoka faranga 250 hadi 195, na hilo nawapa heko, kwa sababu mwenye madeni kwa kawaida hupandisha bei. Mwaka huohuo wakazindua Space Mountain, treni ya kasi ya kuburudisha wageni. Faida ya kwanza ikapatikana: faranga milioni 114. Wengine hulishangilia hili kama muujiza. Mimi nawaambia, rudisheni riba iliyosamehewa na mrabaha uliosamehewa, halafu mtafute hiyo faida.

Muda unakwenda. Six Flags, kampuni ya bustani za burudani ya Marekani: mwaka 2008 waliingiza watu milioni 25, mwaka 2009 wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaowadai, wakiwa na deni la dola bilioni 2.4. Bembea zao ziliendelea kuzunguka kiangazi chote, kesi iko mahakamani. Wakatoka 2010, deni limepunguzwa. Huis Ten Bosch kule Nagasaki, kijiji cha Kiholanzi ndani ya Japani, ilifilisika 2003. HIS, kampuni ya safari ya Kijapani, wakaichukua 2010, sehemu yake wakaifanya ya bure, ikaanza kupata faida. Dubai nilitaka niiseme, maana wengi wenu mna ndugu kule, ila mwenyekiti ananionyesha saa.

Dakika moja tu, mwenyekiti, kwa aliyeuliza wenye hisa za Euro Disney waliambulia nini. Paris walijenga bustani ya pili mwaka 2002. Deni likarudi. Wakapanga upya 2004, wakaokolewa tena kuanzia 2014, na 2017 Disney wakainunua yote na kuitoa sokoni kwa euro 2 kila hisa. Katikati hapo, mwaka 2007, hisa 100 za zamani zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja. Kwa hiyo aliyenunua hisa 100 mwaka 1989, kwa faranga 72 moja, alitoa faranga 7,200, karibu euro 1,100. Kama alizishikilia mpaka mwisho, alilipwa euro 2. Haya, maswali.