Daftari la maswali ya wateja: mawazo ya kuposti LinkedIn yanatoka wapi

BARAKA: Haya karibuni tena, leo mada imetoka kwenu wenyewe maana wiki nzima inboksi inaleta swali lile lile. Mhasibu anauliza, wakili anauliza, kuna mkadiriaji majenzi katutumia voisi noti ya dakika nne tutaifikia. Wote wanasema nafungua LinkedIn nataka niandike kitu wateja wangu wasome, nakaa nusu saa naangalia skrini, mwisho naposti "Jumatatu njema, tusikate tamaa" naendelea na kazi. Dada Rehema wewe mhasibu, hili najua limekupitia.

REHEMA: Limenipitia kaka, tena sana. Mwanzoni nilimlipa mtu aniandalie posti za mwezi mzima, akaniletea picha nzuri nzuri, mtu kavaa suti anaangalia maghorofa, chini kaandika mafanikio yanahitaji nidhamu. Sasa mwenye kampuni ya usafirishaji pale Tabata ambaye PAYE ya madereva wake, yaani kodi ya mishahara, inatakiwa iingie kabla tarehe 7 haijapita, hayo maneno yanamsaidia nini? Walilaiki ndugu na watu niliosoma nao chuo, nawashukuru, ila mteja hata mmoja hakupiga simu.

BARAKA: Ukafanyaje?

REHEMA: Nikaanza kuandika maswali. Ninalo hapa, daftari la kawaida tu la shule, linakaa mezani pembeni ya kalkuleta. Nikikata simu na mteja, kabla sijashika kitu kingine naandika alichouliza kwa maneno yake yeye, sio yangu, kwa sababu nikiweka yangu yanageuka kuwa "utaratibu wa kodi ya zuio kwenye pango" na hapo ushampoteza mtu. Ngoja nikusomee moja, "mwenye nyumba kagoma nimkate ile asilimia kumi, anasema mkataba ni milioni na yeye anataka milioni yake kamili, nifanyeje?"

BARAKA: Aisee, hapo unamsikia mtu kabisa.

REHEMA: Unamsikia! Na wako wengi, kila aliyepanga ofisi kwa ajili ya biashara anapita hapo. Pango ni 1,000,000 kwa mwezi, unatakiwa umkate mwenye nyumba asilimia kumi, yaani 100,000, hiyo ndo kodi ya zuio, yeye unampa 900,000, ile laki unaipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kabla tarehe 7 ya mwezi unaofuata haijapita, na cheti cha zuio unampa. Sasa yeye akigoma ukamlipa milioni yote kwa kuogopa kutolewa, siku ya ukaguzi deni linakuja kwako wewe mpangaji, wewe ndo ulitakiwa kukata. Na akisisitiza kwamba mkononi lazima ashike milioni basi hesabu inageuka, pango lako halisi linakuwa 1,111,111 na zuio ni 111,111. Hiyo hesabu niliiandika hivyo hivyo kwenye posti, hamna picha, hamna nini. Siku ile simu ziliita mpaka mchana.

BARAKA: Wahasibu wengine lakini si wataona umeandika kitu kidogo sana?

REHEMA: Wataona, na hapo ndo pa kuamua unamwandikia nani. Nikiandika mambo ya IFRS, vile viwango vya kimataifa vya hesabu, wahasibu wenzangu watajaa kwenye komenti, tutabishana vizuri, na ni kitu kizuri kama natafuta ajira au heshima kwenye fani. Ila mteja wangu hayupo pale. Mimi mtu wangu ana kampuni ya watu kumi mpaka ishirini hivi, hana mhasibu wa kudumu, LinkedIn anaifungua asubuhi akiwa kwenye foleni ya Mandela, na kichwani ana jambo moja linamkera. Ukisema unawaandikia "wataalamu" hujamtaja mtu yeyote. Wataalamu ni akina nani, mpaka daktari wa meno yumo!

BARAKA: Mimi nasimamia kurasa za watu na hilo ndo nagombana nao kila siku. Wananiambia tusibane sana tutakosa watu. Nikiwaambia haya nitajie wateja wako watatu wa mwisho waliokulipa, walikuwa na shida gani, anaanza kueleza, anaeleza dakika kumi bila kupumua, namwambia simama hapo, hizo ni posti sita umenitajia.

REHEMA: Ndo hivyo, na swali moja halitoi posti moja. Lile la mwenye nyumba lilinipa nne. Ya kwanza kwa mpangaji. Ya pili kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa nini adai cheti chake asikubali maneno matupu. Ya tatu mkataba, yaani kabla hujasaini muandike wazi hiyo bei ni kabla ya zuio au baada, maana ugomvi mwingi unaanzia kwenye huo mstari ambao haukuandikwa. Ya nne wanaolipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, zuio linakatwa kwenye hela yote uliyolipa, sio mwezi mmoja mmoja. Sikubuni kitu hapo, niligeuza tu kiti.

BARAKA: Na tarehe? Maana fani yenu ina tarehe nyingi.

REHEMA: Tarehe ni zawadi jamani. Tarehe 7 ipo kila mwezi, tarehe 20 ritani za VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, kodi ya mapato ya awamu inalipwa mwisho wa mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili kwa wanaofunga hesabu Desemba. Halafu Juni bajeti inasomwa, tarehe 1 Julai mambo mapya yanaanza. Ila ukiposti tarehe 8 kuhusu tarehe 7 umemtonesha mtu kidonda, posti tarehe 3 au 4 wakati bado anaweza kufanya kitu.

BARAKA: Lugha je? Maana wengi LinkedIn wanaona ni ya Kiingereza.

REHEMA: Niliandika Kiingereza mwaka mzima. Kiingereza cha ripoti, kimenyooka, kimekufa. Nilipoandika Kiswahili, zile PAYE na VAT na EFD, mashine ya risiti, nikaziacha kama zilivyo maana ndo watu wanavyosema, mteja mmoja mzee wa makamo akaniambia binti yangu leo nimeelewa kitu ambacho nilikuwa nasaini tu. Sitasahau. Na anza na swali lenyewe juu kabisa, maana LinkedIn inaonyesha mistari michache halafu inakata mpaka mtu abonyeze, ukianza na "nina furaha kubwa kuwashirikisha" umemaliza nafasi.

BARAKA: Naomba useme la siri za wateja, hilo linanitisha.

REHEMA: Linanitisha mimi zaidi. Niliwahi kuandika kisa cha mteja, jina sikuweka, lakini nilisema anauza nini, yupo mtaa gani wa Kariakoo na alidaiwa shilingi ngapi. Jioni akanipigia, hakufoka, alisema tu "dada, jirani yangu wa duka kaniuliza kama ni mimi". Nilifuta papo hapo nikaenda kumwomba radhi uso kwa uso. Tangu hapo nabadilisha biashara, nabadilisha mji, namba zinakuwa za mviringo kama ile milioni, na nasubiri swali liulizwe na watu wawili watatu ndo liende hewani. Skrini shoti ya meseji ya mteja mimi siweki hata nikificha namba. Mawakili wana kanuni zao za kujitangaza nao wazisome kwanza.

BARAKA: Sasa mkadiriaji majenzi wetu. Anasema wateja wake ni makandarasi wadogo, ameshaposti maana ya BOQ, ile orodha ya vipimo na bei za kazi, mara tatu, kimya.

REHEMA: Kwa sababu mkandarasi anaijua BOQ, anaishi nayo! Kaka, hao makandarasi wakikupigia saa mbili usiku wanauliza nini?

BARAKA: Kasema mwishoni mwa voisi noti kama kitu cha kupita tu, kwamba kila siku wanamuuliza ile ritensheni waliyokatwa, yaani sehemu ya malipo ambayo mteja anaishikilia, inarudi lini.

REHEMA: Si ndo hiyo! Mtu kamaliza kazi, hela yake imeshikwa, ana mafundi wanamdai. Kwa mikataba mingi nusu inarudi kazi ikikabidhiwa na nusu nyingine kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro, kikiisha, lakini wangapi wanakumbuka kuandika barua ya kuiomba hiyo nusu ya pili? Aanze hivi, "Kazi umekabidhi mwaka jana, nusu ya ritensheni bado ipo kwa mteja. Barua umeandika?" Chini yake aweke barua inakaaje, aya kwa aya.

BARAKA: Na ya pili kesho kutwa, mteja akisema kuna nyufa ndo maana hatoi.

REHEMA: Na ya tatu, nani anakagua hizo nyufa na kwa karatasi gani. Ana wiki nzima huyo.

BARAKA: Kaka umesikia, ukiiposti tutumie linki tuisome kipindi kijacho.