Makazi ya Nani?

Asanteni kwa kuja. Kila nikizungumzia viumbe, hakosi mtu wa kuniuliza: makazi na mfumo ikolojia, si ni yale yale? Siyo. Neno lenyewe linatung'ata sikio. Makazi ni pa kukaa, na ukisikia makazi huna budi kuuliza: ya nani?

Chukueni gogo linalooza msituni. Libingirisheni polepole. Chini pana unyevu, jongoo kajikunja, mchwa wanakimbilia gizani, nyuzi nyeupe za kuvu zimetanda. Kwa buu la mbawakawa, hapo ndipo dunia yake yote: kula humo, kujificha humo. Kwa kigogota ni kituo tu cha kudonoa. Makazi yake ni eneo zima la msitu analozungukia. Gogo ni lile lile, mkazi ndiye amebadilika.

Mfumo ikolojia hauna mwenyewe. Hapo tunauliza nani anamla nani, nini kinakwenda wapi. Kuvu inalainisha mbao, buu linazila, kigogota anamla buu, na kilichooza kinarudi udongoni kikanyonywe na mche. Mwaka 1935 Arthur Tansley, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, ndiye aliyelitumia neno hili, kwa Kiingereza "ecosystem", kwa mara ya kwanza katika maandishi, akashikilia kwamba maji, hewa na udongo vihesabiwe ndani ya mfumo. Visiwe pazia la nyuma tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Robert Paine, mwanaikolojia wa Marekani. Mwaka 1963, kwenye mwamba wa pwani katika jimbo la Washington, Marekani, alianza kuwabandua viti vya pweza (wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota) wa aina moja na kuwatupa baharini. Akarudi, akabandua tena. (Majirani sijui walimwonaje.) Hakugusa kitu kingine: mawimbi yale yale, maji kupwa na kujaa vile vile. Lakini kiti cha pweza ndiye aliyekuwa akiwala kome. Kiti cha pweza alipoondolewa, kome wakaanza kutanda na kuwasukuma nje viumbe wengine wa mwamba ule. Alipochapisha matokeo mwaka 1966, spishi 15 alizokuwa akizifuatilia pale zilikuwa zimebaki 8.

Kwa hiyo nikisoma ripoti inasema "makazi hayajaharibiwa" kisha ikaishia hapo, mimi huendelea kuuliza. Mwamba wa Paine nao haukuwa na hata ufa.