Halmashauri Nane, Ziwa Moja

NEEMA: Mwangaluka wasikilizaji wetu, karibuni. Naitwa Neema, niko na kaka yangu Kulwa, na tunazungumza kutoka hapa Mwanza. Leo tunataka kuuliza jambo moja: halmashauri zinazoishi kando ya ziwa moja, kwa nini kila moja inapanga maendeleo kivyake?

KULWA: Mwangaluka dada. Mkoa wetu una halmashauri nane: Jiji la Mwanza, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Ni Kwimba peke yake isiyogusa ziwa, na hata yeye vijito vyake vinashuka ziwani kupitia kwa majirani.

NEEMA: Kabla ya mwaka 2012, Jiji na Ilemela vilikuwa kitu kimoja. Leo abiria wa daladala anatoka uwanja wa ndege mpaka Buhongwa bila kujua amevukia wapi mpaka. Gari la taka ndilo linaloujua.

KULWA: Hapo umegusa penyewe. Mwananchi anazalisha taka popote anapofanya kazi. Anayelala Ilemela anashinda mjini, mwenye meza ya samaki soko la Mwaloni Kirumba, huko Ilemela, analala Nyamagana, upande wa Jiji. Ushuru unakusanywa upande mmoja, uchafu unabaki mwingine. Mvua ikipiga, mitaro inabeba chupa na mifuko yote mpaka ziwani, na ziwa hilohilo ndiko tunakovuta maji ya kunywa, pale Capri Point na Butimba.

NEEMA: Lakini kaka, kwenye maji tumeshaonyesha inawezekana. MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, haiulizi bomba liko Ilemela au Nyamagana. Mamlaka moja, mtandao mmoja. Sasa kwa nini dampo lisiwe la pamoja?

KULWA: Nitakujibu kama diwani atakavyojibu. Atasema: dampo likijengwa kwenye kata yangu, harufu ni ya wapiga kura wangu, na fedha anachukua nani? Hilo si swali la kupuuza.

NEEMA: Silipuuzi. Ndiyo maana nasema yaandikwe mapema: kata inayopokea taka ilipwe, kwa tani. Jirani anayeleta taka alipe. Wakikubaliana kwa mdomo tu kwenye kikao, akihamishwa mkurugenzi mmoja jambo limekufa.

KULWA: Kweli kabisa, nalo linaniuma. Vikao vya ujirani mwema tunavyo vingi. Picha ya pamoja, chai, kwaheri.

NEEMA: Tutoke mjini kidogo. Mto Simiyu unaanzia huko Serengeti, unapita kwenye wilaya za Mkoa wa Simiyu, unaingia ziwani Magu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Magu wanaweza kuilinda kila hatua ya mita hizo, lakini kama huko juu watu wanalima mpaka kwenye kingo, tope litawafikia tu, na mazalia ya samaki yatafunikwa.

KULWA: Na uvuvi hivyohivyo. Doria ikikaza Ukerewe, kokoro, wavu ule uliopigwa marufuku, linahamia maji ya jirani. BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kulinda mialo, za pande mbili zisipopanga usiku mmoja wa doria, zinafukuzana na mtu yuleyule. Tena dagaa anayevuliwa visiwani ndiye anayeuzwa Kirumba, kwa hiyo Ilemela ina kila sababu ya kuchangia mafuta ya boti ya doria ya Ukerewe.

NEEMA: Hilo sijawahi kusikia mtu akilipendekeza. Nalipenda. Na sheria je, inaruhusu?

KULWA: Inaruhusu. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji, zina nafasi ya kamati za pamoja. Kinachokosekana ni fedha iliyotengwa. Angalia mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne, nne, mbili. Kwa kuwa ni sheria, kila halmashauri inaiweka kwenye bajeti. Mfuko wa bonde la mto au wa taka nao uwe na fungu lake la lazima, hata likiwa dogo.

NEEMA: Naona Misungwi na Sengerema wanafaa kuanza. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, na mama lishe waliokuwa wakihudumia wasafiri wanaosubiri kivuko wamepoteza foleni yao pande zote mbili. Stendi, soko na maegesho ya malori vikipangwa na kila upande peke yake, tutajengewa viwili vya kila kitu na kimoja kitakaa tupu.

KULWA: Wapange sasa, kabla viwanja havijauzwa vyote.

NEEMA: Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makisio hupita kwenye Baraza la Madiwani miezi kadhaa kabla. Msikilizaji, baraza hilo ni la wazi. Nenda ukakae, usikilize kama kuna hata mstari mmoja wa kazi ya pamoja na jirani, kisha tutumie ujumbe wa sauti utuambie ulichosikia. Tutazicheza sauti hizo kwenye kipindi kijacho, halmashauri kwa halmashauri.