Nondo wa pumba ni mali: maongezi na wakulima wa bustani, Lindi

Shikamooni wazee, kina mama habari za mchana. Nimekuja na lilelile la kufuga wadudu wanaokula wadudu waharibifu, najua wengine mmeshaanza kunong'ona huyu naye na wadudu wake, sawa tu, nitarudia.

Vidukari mnawajua, vile vijidudu vinavyofyonza utomvu wa kunde, sielezi zaidi. Kunde inajikunja, majani yananata, unapiga dawa na wiki ijayo wamerudi maana jike la kidukari halisubiri dume, linazaa lenyewe na linazaa watoto hai. Dawa imemuua nani basi? Yule aliyekuwa anawala, maana yeye hazai kwa spidi hiyo.

Huyo anayewala mmemuona, Wazungu wanamwita lacewing, wa kijani, mbawa zinaonyesha kama chandarua, usiku anakuja kwenye taa na mnamuua na kandambili. Muuaji hasa ni mtoto wake, ana meno kama koleo, anamchoma kidukari anamfyonza linabaki ganda.

Haya, unamfuga kwa chakula gani? Mtu atasema si umpe vidukari. Vidukari wanataka kunde, kunde inataka maji na mbolea, kwa hiyo unalima shamba la kulisha wadudu wa kulisha wadudu, utafilisika! Ndio maana tunampa mayai ya nondo wa pumba, huyuhuyu ambaye viwavi wake wanafunga utando kwenye gunia la pumba mpaka zinashikana mabonge. Ndoo, chenga za mtama, pumba, kitambaa juu, basi. Wakishatoka nondo wanataga usiku, mayai unayakusanya asubuhi.

Mimi nilianzia nyumbani. Mke wangu alivumilia ndoo ya kwanza, ya tatu akauliza kama nataka kumuua, na kweli lile vumbi la mbawa za nondo linabana kifua, nilikohoa wee mpaka nikaanza kufunga kitambaa puani, nanyi fungeni. Lakini kosa langu kubwa lilikuwa bakuli. Nilikuwa na watoto wa yule wa kijani kama sitini wameanguliwa, nikajiambia vikombe sitini vya nini, bakuli moja linatosha, nikawamwagia mayai nikaenda msibani Mtama. Kurudi siku ya tatu nakuta saba. Saba, wamenona! Nikatafuta tundu kwenye bakuli, nikawaza mijusi, kumbe wamemaliza mayai wakageukiana wenyewe kwa wenyewe. Mama yao anawajua kuliko mimi, yeye kila yai analiweka juu ya kijiuzi chembamba limesimama kama pini, ili wa kwanza kuanguliwa asiwale wenzake. Sasa nagawa, kila mtoto na kikombe chake.

Wewe baba pale nyuma utasema aliyezoea wali atakataa ugali. Hakatai, ana njaa, ukimweka kwenye kunde anakula anachokutana nacho. Ila ukimfuga vizazi na vizazi humo ndani bila kuchanganya damu wanadhoofika, kwa hiyo kila mara kamateni wapya kwenye taa muwachanganye. Na wakubwa wao wape sukari na hamira, wanataga vizuri.

Na nondo wakitoroka, viwavi wao wakala mahindi yetu? Mayai ya kulishia yanapita kwanza kwenye friza, yanakufa ila yanabaki chakula, hakuna nondo atatoka humo. Anayekosa friza aombe kwa muuza samaki, mimi ndivyo nilivyofanya, alinicheka akanipa kona.

Korosho nilitaka kuiongelea kirefu, naona mwenyekiti anaangalia saa. Kifupi, salfa ni ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, haimuui mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, acheni kuidai miujiza. Maji moto, wale chungu wekundu wa mitini, wanamla huyo mbu, na nyinyi mnakata viota vyao kwa sababu wanawauma wakati wa kuokota! Wapeni vichwa vya dagaa na maji ya sukari mti ukiwa hauna wadudu, wasihame.

Hiyo chupa inayozunguka ina mtoto mmoja wa yule wa kijani na mfuniko wa kitambaa, asifungue mtu. Mzee, nimesema asi... haya, ameshafungua. Angalieni chini ya mkeka.