Katambuga la Isongole

ATU: Haya karibuni, leo tulipanga kuongea na mtu aliyehamia Mbeya kikazi, wikiendi hajui aende wapi. Daraja la Mungu, Ngozi, Kitulo, halafu Maina atoe mambo matatu ya kuangalia kabla hujashuka mlima na baiskeli. Sasa Maina mwenyewe kaja na kiwiko kimefungwa bandeji.

MAINA: Kiwiko kiko sawa. Wacha nieleze. Jumamosi nimepanda Kosta mpaka Isongole, nikakokota baiskeli kule juu Uporoto kwenye mashamba ya pareto, nikashusha siti, nikaanza kuteremka. Mwanzo tamu kabisa, udongo mkavu, tairi inashika. Huku chini breki ikaanza kuwa laini, laini, mara nikivuta inagusa hendeli na baiskeli haipungui.

ATU: Ulikuwa umeibana muda wote?

MAINA: Sikuiachia kabisa, ndo kosa langu. Unatakiwa ubane kwa nguvu, uachie, ipoe, ubane tena. Na zangu ni za mafuta, yale ya DOT, yanavuta unyevu wa hewani na mimi sijabadilisha tangu nivuke mpaka kuja huku, mwaka wa tatu huu. Yakishika moto ule unyevu unachemka unakuwa mapovu, na povu ukiliminya linabonyea tu, halisukumi kitu. Halafu kona. Halafu mama ana kuni kichwani na mtoto anamfuata nyuma.

ATU: Mungu wangu.

MAINA: Nikaingia shambani, kwenye matuta ya viazi. Niko chini pale nasikia "pole baba, pole", ati yeye ndo ananipa pole mimi! Na hapo hapo anatokea mzee na baiskeli ya Phoenix, nyuma lumbesa la viazi, anakuja kasi kuliko mimi nilivyokuwa, anapiga mluzi, mama na mtoto wanasogea bila hata kugeuka kumwangalia, na mzee anasimama pale pale. Unajua amesimama na nini?

ATU: Katambuga.

MAINA: Katambuga! Ndala za tairi kuukuu la gari tu. Breki hana hata moja. Anarudisha kisigino, anakigandamiza kwenye tairi la nyuma, soli ya tairi juu ya tairi. Hakuna mafuta ya kuchemka.

ATU: Baba yangu mdogo kashusha ndizi hivyo hivyo miaka, Tukuyu kwenda Kyela. Sasa yeye alikuwa anabania mguu wa kulia, kwa hiyo la kulia linaisha la kushoto bado jipya. Akienda sokoni anataka auziwe la kulia peke yake.

MAINA: Wakamuuzia?

ATU: Wakamwambia atafute mwenzake anayebania kushoto wanunue jozi moja wagawane. Na akampata! Mpaka leo ni marafiki, misiba yote wanakwenda pamoja.

MAINA: Sasa hiyo inanikumbusha mbio hizi za kushuka zilikoanzia. 1976, Fairfax, California, vijana na baiskeli kuukuu nzito kama Phoenix, breki ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Wanashuka karibu mita 400 ndani ya kilomita 3 na kitu, wakifika chini habu ya gurudumu la nyuma, yenye breki ndani, inatoa moshi, grisi yote imeungua, lazima waifungue wajaze upya. Ndo njia ikaitwa Repack, yaani kujaza tena. Wangekuwa na katambuga...

ATU: Matuta mangapi ulivunja?

MAINA: Manne. Mwenye shamba hakuwepo, nimemwachia mama namba yangu, nalipa, hilo halina mjadala.

ATU: Mimi nina mjadala mwingine. Ile njia ni ya watu kwenda shamba. Ukiona mtu ushuke, utembee.

MAINA: Na mzee wa lumbesa? Alishuka?

ATU: Yule ana mzigo, wewe una starehe.

MAINA: Mtoto akigongwa hataulizwa kagongwa na mzigo au starehe. Kasi ni kasi. Nitafunga kengele, nitapiga kelele kabla ya kona, lakini njia ni ya wote.

ATU: Wanamjua! Wanaujua mluzi wake, wanajua anapita saa ngapi, ameijua ile njia kabla mama hajaolewa pale. Wewe unatokea Jumamosi moja na helmeti, hawajui hata wasogee upande gani.

MAINA: Basi na mimi watanijua. Ugeni utaisha vipi kama kila nikiona mtu natembea? Kwetu Kenya, hifadhi ya Hell's Gate, tunaendesha baiskeli kati ya pundamilia...

ATU: Pundamilia hana kuni kichwani, Maina.

MAINA: Hujanijibu lakini.

ATU: Nimekujibu, hutaki jibu. Sikiliza, naonyeshwa dakika moja hapa na Daraja la Mungu hata hatujaligusa! Jamani, lile daraja ni la mwamba wa lava, limelala lenyewe juu ya Mto Kiwira, ukifika pitia na Kijungu, pale mto huo huo unapoingia kwenye shimo la mwamba kama chungu. Ngozi ni kupanda kwa miguu msituni mpaka ukingoni, ziwa unaliona huko chini. Kitulo wiki ijayo, kuna maua, kwa hiyo tusiikimbize. Na yale mambo yako matatu?

MAINA: La kwanza mafuta ya breki. Mengine hatuna muda. Jumamosi narudi kwa yule mama na yule mwenye shamba, nabeba mbegu.

ATU: Kwa miguu.

MAINA: Na baiskeli.

ATU: Kwa miguu, kaka. Ndaga fijo wasikilizaji, zima hapo.